Maziwa ya Mukwe, Maji ya Pisini

Ninyi vijana mutakaosoma haya, mukae chini kwanza, na telefone muiweke kando. Mimi sikusoma sana. Shule niliiacha wakati nilipojua kusoma Biblia kwa kufuata na kidole, na hiyo ilinitosha miaka yote ya kulima na kukamua. Lakini ninawaona munavyopenda kupanga safari za raha, kwenda kando ya ziwa, kuogelea, kupiga foto, na sioni ubaya ndani yake. Mimi pia nilipanga. Nilipanga kuliko wote. Njo maana ninataka mujue vile ilienda.

Nyumba yangu iko juu ya kilima, upande wa Masisi, na chini yake inapita barabara inayotoka Nyabiondo. Ukikaa mulangoni unaona kila anayepita, kama hakuna ukungu. Niko na ng'ombe kidogo, shamba la maharagi na kipande cha muhogo. Maziwa ninageuza fromaji, ile jibini ya kukata na kisu. Ninaikamulia ndani ya kipande cha bomba la plastiki ambacho marehemu bwana wangu alikikata kwa mukono wake. Kile kipande kilipasuka upande mumoja, sikukitupa, na tangu siku ile kila fromaji yangu inatoka na mustari kama kovu, kuanzia juu mpaka chini. Wanunuzi wa Sake wanaijua kwa huo mustari. Wanasema, hii ni ya yule mama mukali.

Ninaishi na mujukuu wangu, musichana, mutoto wa binti yangu wa kwanza. Nilimulea tangu alipoacha kunyonya, kwa sababu mama yake alikuwa anatafuta kazi Goma, na kazi alipoipata, mutoto alikuwa amekwisha kunizoea. Binti yangu wa pili, kitindamimba, aliolewa mbali, Walikale, ndani ya pori, na bwana wa kule.

Sasa kuna kitu lazima nikieleze, kwa sababu ninyi wa siku hizi munacheka bila kukijua. Kwetu, mama mukwe na mukwe hawaangaliani. Mukwe hali chakula mbele ya mama wa muke wake, halali ndani ya nyumba yake, na wakikutana njiani mumoja anatoka pembeni. Si chuki, ni heshima. Na inaisha siku ambayo mama mukwe mwenyewe anataka iishe. Anatia maziwa ndani ya kibuyu kipya, anamupa mukwe kwa mukono wake, mukwe anakunywa palepale. Kuanzia hapo ni mutoto wa nyumba. Hakuna mwingine anayeweza kuifanya kazi hiyo, na mama hasukumwi. Kuna wamama wanaozeeka bila kuifanya.

Bwana wa binti yangu wa kwanza, yule wa Goma, nilimupa maziwa mapema. Wa Walikale sikumupa. Watu wa kule ni wa kuwinda na kulima msituni, hawachungi ng'ombe, na yeye ni muntu wa kunyamaza. Sikujua kama maziwa yangu angeyaona kuwa kitu. Basi kila alipomuleta binti yangu kunitembelea, yeye alibakia chini kwenye barabara, chini ya mikaratusi, kofia mukononi, mpaka muke wake ateremuke. Halafu barabara ikaharibika, mambo ya bunduki yakaingia, na muntu hawezi tena kukaa barabarani hivihivi anangojea. Binti yangu akaacha kuja. Nikabaki na sauti yake tu ndani ya telefone. Mutoto wake wa mwisho nilikuwa hata sijamushika mukononi.

Hapo njo safari ya pisini, lile bwawa la kuogelea, iliponikuta.

Binti yangu wa kwanza alipanda hapa wakati maharagi yalikuwa yanatoa maua. Alikaa kwenye kiti kidogo cha kukamulia, akafungua telefone, akanionyesha oteli iliyo kando ya ziwa. Kulikuwa pisini mbili, moja ya wakubwa na moja ya watoto, maji ya buluu kama yale tunayotia sabuni ya kufulia mashuka. Kulikuwa kitelezo kirefu ambacho watoto wanashukia na kuanguka majini. Kulikuwa mitumbwi unayoendesha kwa kukanyaga na miguu, uwanja wa mupira, na mahali pa kuchoma samaki. Alisema kazini walikuwa wanamupa ruhusa, na kwamba yeye na bwana wake walitaka jamaa yote ikutane pale, tulale pale, tule pamoja, kusudi tukumbuke kwamba sisi ni watu wa tumbo moja.

Nikamuuliza kama dada yake wa Walikale atakuja.

"Atakuja, Mama. Na bwana wake."

Nilirudia kuangalia ile foto ya pisini. Watu walikuwa ndani ya maji, wanaume na wanawake, mapaja nje. Nikasema vizuri, lakini hii safari inahitaji muntu wa kuipanga, kwa sababu mukwe wangu hawezi kuniona pale nikiwa nimekaa kando ya maji, na yeye yuko ndani na kipande cha nguo.

Binti yangu akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama, ile ni oteli. Si kanisa."

"Kanisani hawavui nguo," nikamujibu. "Njo maana kule hakuna haja ya kupanga."

Nikaanza kupanga. Siku nyingi sikuwa na kazi nyingine ndani ya kichwa. Nikikamua ninapanga, nikipalilia ninapanga. Nilimuagiza binti yangu aulize kama pisini mbili ziko karibu ao mbali. Akaniambia kuna ua wa maua katikati. Basi nikasema asubuhi wanaume wataogelea, sisi wanawake tutakuwa upande wa samaki. Baada ya chakula, wanaume wataenda kwenye mupira ao kwenye mitumbwi, na wanawake wataingia majini. Mimi majini siingii. Nitatia miguu tu, nione kama ni baridi kama muto wetu. Chumba changu na cha mukwe visiangaliane milango. Mezani yeye atakaa mwisho kule, mimi mwisho huku, na wajukuu katikati kama ukuta.

Mujukuu wangu, ambaye ananiita Koko, ndiyo bibi, alikuwa ananichokoza. "Koko, utavaa nini pale? Wanasema bila nguo za kuogelea hawakuruhusu hata kukaribia."

Nikamwambia watoto wa tumbo langu wote niliwaogesha ndani ya muto nikiwa nimevaa kitenge, na hakuna aliyetoka muchafu. Tulicheka. Ninaandika kwamba tulicheka kwa sababu ni kweli. Yule mutoto wakati ule alikuwa bado upande wangu.

Halafu siku moja, nikiwa napanga tena nani atakaa wapi, nikachoka. Niliona ninajenga kuta ndani ya mahali pa raha. Nikajiuliza kwa nini sifanyi lile neno moja linaloondoa kuta zote. Nitamupa mukwe maziwa. Nitamupa palepale, siku ya kwanza, mbele ya watoto wote, na baadaye tutakaa meza moja, na safari hiyo ikiisha atapanda hapa nyumbani na muke wake na watoto, walale chini ya paa yangu. Binti yangu atarudi kuwa na njia ya kuja kwetu.

Nikampigia binti wa kwanza simu, nikamwambia. Akasema, "Mama, umefanya vizuri sana." Nikampigia na yule wa Walikale. Yeye alilia. Alisema bwana wake tangu siku nyingi anauliza ni kosa gani alilofanya. Nikamwambia hakuna kosa, nilikuwa nangojea moyo wangu, na sasa umefika.

Nilitafuta kibuyu. Nilikitoa mbegu, nikakitia maji ya moto na mawe madogo, nikakitikisa mpaka uchungu ukatoka, nikakianika, nikakifukiza na nyasi ile yenye harufu nzuri tunayotumia kwa vyombo vya maziwa. Nikakisukia kamba ya kukishikia. Nilitengeneza na fromaji kubwa kuliko kawaida, nikaziacha zikauke vizuri juu ya ubao. Nilitoa hata lile gauni ambalo nililivaa siku ya ndoa ya huyo binti wa Walikale, nikalipiga pasi.

Siku zilipokaribia, mvua ikapiga sana. Binti wa kwanza akanipigia simu. Alisema udongo umeanguka kwenye barabara, kati yetu na Sake, gari haipiti. Alisema dada yake pia ameshindwa kutoka Walikale. Basi safari wameiacha kwanza, wataipanga tena jua likiwaka.

Niliamini. Kwetu udongo unaanguka kila mwaka, na muntu hashangai. Nikamwambia Mungu anajua, tutangojea.

"Lakini Mama," akasema, "zile fromaji usiziache ziharibike. Zitume Sake na pikipiki. Pikipiki zinapita pembeni, wanazisukuma tu na mikono. Mimi nitazipata."

Nikazifunga ndani ya majani ya ndizi, moja moja, nikazituma.

Siku ile ile mujukuu wangu aliniambia kwamba korali, kwaya ya vijana, iko na mafungo ya maombi Sake, wamewaita ghafla. Nikamuuliza wanafikaje na barabara iko namna ile. Akasema kwa miguu mpaka palipoanguka, halafu pikipiki. Nikampa mahindi ya kuchoma ya njiani. Nikamuombea, mukono wangu juu ya kichwa chake.

Aliporudi, alikuwa na furaha na uso umechomwa na jua. Nikamuita akae mbele yangu nimusuke, kwa sababu nywele zilikuwa zimefumuka zote. Nilipozifungua nikasikia harufu ya javeli, ile dawa kali inayotiwa majini kuua vijidudu. Ile harufu siwezi kukosea. Ninaoshea javeli mitungi ya maziwa kila juma. Nikainama tena, nikanusa vizuri. Javeli mpaka kwenye mizizi ya nywele.

"Muliimba nyimbo gani kule?" nikamuuliza.

Akaniimbia. Aliimba vizuri, sauti ya juu, bila kutetemeka. Mimi niliendelea kusuka. Nilifikiri labda kule Sake waliwaogesha na maji ya dawa, kwa sababu ya magonjwa. Muntu akimupenda mutoto anamutafutia sababu yeye mwenyewe.

Siku ya Mungu iliyofuata, tulipotoka kanisani, jirani yangu akanishika mukono. Ni mama anayeuza maharagi kando ya barabara, pale chini ya kilima changu, na kijana wake anaishi Goma. Alikuwa anatabasamu.

"Kumbe mulistarehe, ninyi! Hata hukuniaga."

Nikamuuliza nani alistarehe.

Akatoa telefone yake, akatafuta, akanipa. Kijana wake alimutumia foto ambazo binti yangu wa kwanza aliweka ili watu wazione. Ilikuwa ile pisini ya buluu. Binti yangu wa kwanza alikuwa ndani, maji mpaka kifuani, mikono juu. Bwana wake alikuwa kwenye kitelezo na watoto. Mujukuu wangu, muimbaji wa mafungo ya maombi, alikuwa anaruka majini, miguu hewani. Na yule wa Walikale alikuwa pale, nywele zimelowana, anacheka na meno yote. Sikuwa nimeona kile kicheko tangu alipoolewa.

"Mimi nilijiuliza mbona wewe huonekani," jirani akasema. "Nikasema labda yeye njo alikuwa anapiga foto."

Hakusema kwa ubaya. Aliona tu uso wangu kisha akaacha kutabasamu.

Nilikaza macho. Mbele, kwenye meza, kando ya sahani za samaki, kulikuwa fromaji. Iliyokatwa nusu. Mustari wa bomba la bwana wangu ulikuwa unaonekana, kuanzia juu mpaka chini. Kazi ya mukono wangu walikuwa nayo pale mezani. Ni mimi tu niliyekosa.

Na nyuma kabisa, kwenye kiti, kulikuwa mwanaume amevaa suruali ndefu, shati na viatu, amegeuzia maji mugongo, kofia juu ya magoti. Mukwe wangu.

Jirani akaniambia neno lingine, polepole, kama muntu anayetoa muiba mguuni. Alisema alikuwa amemuona binti yangu wa Walikale akipita, pikipiki mbili, yeye na bwana wake na watoto. Walipita pale chini ya kwangu, mbele ya meza yake ya maharagi, mchana kabisa. Binti yangu alikuwa amefunika kichwa na uso kwa kitenge.

"Nikasema anajikinga na vumbi," jirani akasema.

Nikamwambia, "Ilikuwa imenyesha siku tatu. Kulikuwa vumbi gani?"

Tukaachana pale.

Nilipanda kilima polepole. Nyumbani nilimukuta mujukuu wangu anachambua maharagi. Nikakaa, nikamwambia aniimbie tena zile nyimbo za mafungo. Aliniangalia, akaacha ungo, akaanza kulia. Sikumushika. Nilingojea amalize, halafu nikamwambia anieleze yote, na asiruke kitu.

Alieleza. Udongo haukuanguka popote. Mama yake alisema Koko akiwa pale hakuna atakayevua nguo, tutaogelea kwa zamu kama wagonjwa wanaongojea sindano. Alisema pia wageni wa pale ni watu wa maana, wengine wanatoka kazini kwake, na mimi kusimama kando ya pisini na kibuyu, kunywesha muntu maziwa, ni kitu ambacho watamucheka nacho mwaka muzima. Wakakubaliana kwamba nisiambiwe. Mujukuu wangu aliahidiwa kwamba atateleza kwenye kitelezo mpaka achoke. Akakubali.

Hayo niliyasikia nikiwa nimekaa. Ni maneno ya watoto waliozoea mujini. Yanauma lakini yana kichwa na mukia. Nikamuuliza na yule mukwe, yeye mbona alikuwa amevaa viatu.

Hapo mujukuu wangu akainamisha kichwa. Akasema mukwe alipofika kwenye oteli alisimama mbali, hakutaka kuingia, anauliza Mama yuko wapi, atasimama upande gani kusudi asimukosee. Aliuliza hivyo kila walipokaa kula. Basi mama yake, binti yangu wa kwanza, akamujibu kwamba Mama amekataa kuja kwa sababu yake. Kwamba nimesema sitaki kumuona, na maziwa simupi tena.

"Na muke wake alikuwa wapi akisikia hivyo?"

"Alikuwa pale, Koko."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Aliingia ndani ya maji."

Vijana, hapo njo niliposhikwa na baridi. Kuachwa nyumbani, muntu anaweza kuachwa. Wazee wanaachwa, tunajua. Lakini walichukua neno la kinywa changu, lile neno moja ambalo ni mimi tu ninaweza kulitoa, wakaligeuza, wakamupiga nalo muntu aliyekuwa amelingojea miaka. Na yule niliyetaka kumurudisha nyumbani kwa neno hilo, alisimama akiangalia.

Nikachukua telefone ya mujukuu nikampigia wa Walikale. Hakujua kama ni mimi. Aliitika kwa furaha. Nikamwambia nimeona pisini. Nikamwambia nimesikia pia kuhusu kitenge.

"Mama," akasema, "walisema nikipanda kwako, utajua."

"Na bwana wako, wewe ulimuambia nini?"

Nilisikia kuku nyuma yake, na mutoto analia, labda yule ambaye sijamushika.

"Nilinyamaza, Mama."

"Basi na mimi ninyamaze," nikamwambia, nikakata.

Wa kwanza alinipigia mwenyewe, kesho yake, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba ninajua yote. Huyo hakulia. Alizungumuza kama anavyozungumuza kwenye biro ya kazi yake. Alisema walitaka nipumuzike, kwamba safari ni ndefu kwa umri wangu, kwamba maneno yale kwa mukwe yalimutoka tu kwa sababu muntu alikuwa anauliza bila kuchoka na anaharibu raha ya watu. Mwisho akasema ataniandalia safari yangu, oteli ileile, mimi peke yangu, nile, nilale, nitie miguu majini nitakavyo.

"Peke yangu," nikamwambia, "nitaangaliana na nani kule?"

Akasema mimi ni mugumu. Nikamwambia ndiyo, na fromaji yangu pia ni ngumu, na aliila.

Zikapita siku. Nyumbani tulizungumuza maneno ya kazi tu. Kibuyu nilikitundika juu ya jiko, mahali moshi unapita, kamba yake ikiangalia mulango. Mujukuu wangu mara mbili alitaka kukishusha akiweke nyuma ya mapipa, kusudi nisikione. Nikamukataza. Nilitaka sote tukione. Mutunzaji wa ng'ombe wangu na muke wake, ambao wanakaa kwenye nyumba ya pembeni, hawakuuliza kitu, lakini walikuwa wakiingia wanakiangalia kwanza kibuyu kisha wananiangalia mimi.

Nilijaribu kumusamehe binti yangu wa Walikale. Ninasema kweli. Niliomba. Lakini kila nilipofunga macho nilimuona akipita pale chini, uso ndani ya kitenge, anakaza kumuambia mwendeshaji wa pikipiki aongeze mwendo. Kama angenitukana ningejua namna ya kujibu. Alijifunika tu, kama muntu anayepita mbele ya nyumba ya yule anayemudai deni. Nilimubeba mugongoni kwenye barabara ileile wakati tulipokimbia vita, na sikumufunika uso, kwa sababu alikuwa anataka kuona njia.

Maharagi yakakomaa, tukang'oa, tukaanza kuyapiga kwa fimbo uani. Asubuhi moja muke wa mutunzaji aliacha fimbo, akatazama bondeni, akasema kuna pikipiki imesimama chini ya mikaratusi, na watu wameshuka na hawapandi.

Mujukuu wangu alikimbia mpaka chini kwenye barabara, akazungumuza nao, akarudi. Ni wale wa Walikale. Binti yangu amekaa juu ya jiwe, mutoto mugongoni. Bwana wake amesimama, kofia mukononi, palepale alipokuwa anasimama zamani. Alikuwa amebeba kitu ndani ya kikapu, kimefunikwa na majani. Mujukuu alisema mukwe njo aliyelazimisha safari. Alimuambia muke wake kwamba hawezi kukaa miaka yote na neno la kukataliwa ambalo hajalisikia kwa masikio yake mwenyewe. Kama mama amemukataa, amutumie muntu amwambie pale chini, na yeye atarudi msituni na moyo umetulia.

Nilisimama mulangoni. Kulikuwa hakuna ukungu. Niliwaona vizuri, wadogo kama vidole. Binti yangu alikuwa anaangalia juu, uso wazi safari hii. Na mimi, muniamini ao musiniamini, miguu yangu ilitaka kushuka. Yule mutoto mugongoni alikuwa amevaa kofia nyekundu.

Nilirudi ndani. Nikatoa kibuyu pale juu ya jiko, nikapangusa moshi. Maziwa ya asubuhi yalikuwa bado na joto. Nikayatia, nikafunga kizibo. Wote walikuwa wamesimama uani wananingojea, mujukuu wangu, mutunzaji na muke wake, fimbo chini. Niliona usoni mwao kwamba walifikiri nitalia na kushuka kuwakumbatia wote, kama wanavyofanya watu kanisani siku ya kusameheana.

Niliweka kiti mbele ya mulango wangu, kiti cha marehemu bwana wangu, nikaweka kibuyu kando yake. Halafu nikawaambia, "Mushuke, mumupandishe mukwe kwa heshima, na mutoto mukamupakate mumulete. Mama yake abakie palepale kwenye barabara alipopita, na muntu asimuite mpaka bwana wake amalize kunywa na mimi mwenyewe niseme."